Hedifoni za Wageni

Bibi mmoja jirani yetu huku Kimara alinisema dukani mbele ya watu, nikiwa nimesimama karibu yake kabisa, na mimi nikaendelea kuchagua vitunguu. Alisema nimekuwa na majivuno. Alisema tangu nipate kazi kiwandani sina tena shikamoo ya kumpa mtu mzima, ananiita njiani mpaka anachoka na mimi nakwenda mbele kwa mbele kama mke wa waziri. Watu wakacheka. Mimi nikamaliza vitunguu, nikachukua nyanya, nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Yote hayo niliambiwa na mwanangu tukiwa njiani. Wakati huo alikuwa darasa la pili. Alinivuta gauni, nikainama, ndipo akaniuliza, "Mama, mbona hukumjibu bibi? Alikuwa anakusema."

"Bibi gani?"

"Yule wa geti jekundu. Amesema unaringa."

Nilisimama palepale. Nilikuwa nimetoka dukani nikidhani nimenunua mboga kwa amani. Nilirudi na mtoto wangu mkononi, nikamkuta bibi bado yupo, nikampa shikamoo nikiwa nimepiga goti kidogo kama nilivyolelewa kwetu. "Marahaba," alisema bila kunitazama. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, sikukusikia." Akajibu kitu ambacho sikukipata, na watu wakacheka tena. Nilitabasamu. Unapokuwa husikii unajifunza kutabasamu hovyo, kwa sababu hujui kama umebarikiwa au umetukanwa.

Yule bibi simlaumu hata leo. Huku kwetu mtu asiyeitikia salamu anaitwaje? Hasira yangu haikumhusu yeye. Ilianzia pale dukani lakini ilijua njia ya kwenda kazini kwangu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha misumari, upande wa Ubungo. Kama hujawahi kuingia ndani ya kiwanda cha misumari, nitakueleza. Waya wa chuma unaingia upande mmoja wa mashine ukiwa umeviringwa. Mashine inaukamata, inaugonga kichwa, inaukata ncha, msumari unadondoka kwenye trei. Kugonga, kukata, kudondoka, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata, na hiyo ni mashine moja. Sisi tulikuwa na safu mbili za mashine chini ya paa moja la bati. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka, humo misumari mipya inamwagwa pamoja na vumbi la mbao isuguane mpaka ing'ae. Kelele ya pale haiishii masikioni. Inaingia kwenye meno na kwenye mbavu. Ukiweka chupa ya maji chini, maji yanatetemeka yenyewe ndani ya chupa.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia mashine tatu. Waya ukikwama naukwamua, trei ikijaa naibadilisha, misumari ikianza kutoka vichwa vilivyopinda naita fundi. Kuita kwenyewe ni kupunga mkono. Mle ndani hakuna aliyekuwa anaongea. Tuliongea kwa midomo na vidole, na kwa nyusi. Ukigusa shingo, maana yake nina kiu. Ukijipapasa bega, maana yake msimamizi anakuja.

Lugha hiyo nilifundishwa na dada mmoja aliyekuwa mashine za jirani. Yeye ni mtu wa Temeke, mzaliwa wa hapahapa mjini, mama zake na bibi zake wote watu wa pwani, na alikuwa na mdomo. Mimi nimekulia bara, kwetu mtu akikasirika ananyamaza. Yeye akikasirika alikuwa anachambua neno moja moja kama anachambua mchele. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita dada, na yeye aliniita mwaya tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyenipa pamba.

"Tia masikioni, mwaya," aliniambia kwenye lango, kabla hatujaingia. "Usiingie humo masikio wazi, utatoka kichwa kinalia."

Kila mmoja wetu alikuwa na pamba yake. Wengine walichana vipande vya kanga. Kiwanda kilitupa glovu na aproni, kwa sababu mkono ukikatwa damu inaonekana. Cha masikio hatukupewa. Sikio likifa halitoi damu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nikitoka kazini masikio yanavuma, nafika nyumbani nasikia watu kama wanaongea ndani ya ndoo. Asubuhi yanakuwa yamefunguka. Nikadhani hiyo ndiyo hali ya kazi, kama fundi ujenzi anavyorudi na mgongo unauma. Kisha ikaja asubuhi moja hayakufunguka. Badala yake kulikuwa na mlio mwembamba, kama wa nyenje, ambao haukuwa nje. Nilifungua dirisha kuutafuta. Nikamwuliza mume wangu kama anausikia. Akasikiliza, mtu mwema, akasema hasikii kitu.

Nilikwenda kwa msimamizi. Alikuwa mzee wa kiwanda, ameanza kazi kijana na mvi zimemkuta humo. Hata kantini, mahali ambapo watu wanakula, yeye aliongea kama yuko katikati ya mashine. Nikamwambia masikio yangu hayako sawa na tunaomba vya kuziba masikio, vile vya kweli.

"Utazoea," alinipigia kelele kwa upole. "Mie nilianza hivyohivyo. Mwanzoni ilinisumbuaga sana. Sasa hivi wala! Naweza kulala katikati ya zile mashine."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru! Neno lake lilinipa moyo. Nikarudi kwenye mashine zangu kusubiri kuzoea.

Nataka nieleze kilichoondoka, maana watu wakisikia mtu amepoteza usikivu wanadhani dunia imepunguzwa sauti kama redio. Haiko hivyo. Sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Ndege wa asubuhi waliondoka. Mlio wa simu, filimbi ya birika, herufi zile nyembamba zinazoanza maneno. Mtu akiniambia "sita" nasikia "ita". Kwenye basi la mwendokasi yule mama wa kwenye spika anayetaja vituo akageuka kuwa mtu anayenung'unika, nikawa nahesabu vituo kwa macho. Sauti za wanawake na watoto ndizo nyembamba, kwa hiyo nazo ziliondoka. Za wanaume wazima zikabaki. Nilikuwa namsikia meneja vizuri kuliko ninavyomsikia mwanangu. Bado sijapata mtu wa kunieleza kosa langu lilikuwa nini mpaka nikapewa adhabu ya namna hiyo.

Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Mwalimu wetu wa kwaya ni mtu mpole sana, hajui kumwambia mtu neno baya. Alianza kwa kunisogeza nisimame katikati ya wenzangu, badala ya mwisho wa mstari. Baadaye akaniuliza kama ningependa kujaribu sauti ya tatu. Mwishowe akanifuata nje baada ya mazoezi, akasimama mbele yangu, na nikaona anavyoupinda mdomo wake polepole ili nimwelewe, ndipo nikajua kwamba wote walikuwa wameshajua.

"Dada, unaonaje ukipumzika kidogo?"

Nilipumzika. Jumapili nikakaa kwenye viti vya katikati, nikawaona wenzangu wanafungua na kufunga midomo.

Nyumbani nikawa mgomvi. Mume wangu alikuwa ananiambia kitu kutoka chumbani, sisikii, anarudia, sisikii, anakuja mlangoni na sura imebadilika.

"Mbona unanifokea?" ananiuliza.

"Sijakufokea."

"Unafoka, mke wangu. Hata sasa unafoka."

Sikujua. Sauti yangu mwenyewe sikuwa naipima vizuri tena. Mwanangu akaacha kunisimulia mambo ya shule. Alikuwa anasubiri baba yake arudi, anamsimulia yeye, na mimi nawaona wanacheka. Nikiuliza wanacheka nini, mtoto anasema, "Basi tu, mama." Ni maneno madogo. Nilikuwa naingia jikoni nayalia.

Basi siku moja wakaja wageni. Walikuwa wanunuzi, watu wa maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, pamoja na mabwana wengine wa suti. Tuliambiwa tufagie, tuvae aproni safi. Kwenye ukuta wa korido ya ofisi kulikuwa na misumari mirefu iliyopigwa kwa mstari, na kwenye kila msumari imetundikwa hedifoni ya njano, zile nene za kufunika sikio zima na kuzuia kelele. Tulikuwa tunapita hapo kila siku. Sikuwa nimewahi kumwona mtu amevaa hata moja. Siku hiyo zilishushwa zote, zikafutwa vumbi, wageni wakavikwa.

Wakaingia ukumbini wakitembea kwa madaha, vichwa vyao vya njano kama vifaranga. Meneja mbele, naye amevaa. Bwana mmoja akasimama kwenye mashine yangu, akaniuliza kitu. Nikaonyesha sikio langu kwamba sisikii. Akadhani sauti yake haijatoka vizuri, akainua kikombe kimoja cha ile hedifoni ili tuelewane.

Alikunja uso kama mtu aliyeungua na uji. Mwili wake wote uliruka. Akakirudisha kile kikombe haraka, akakishikilia kwa kiganja. Halafu akanitazama, akatazama masikio yangu yenye vipande vya pamba, akanitazama tena machoni. Nilidhani atasema kitu. Alininyooshea dole gumba, akatabasamu, akaendelea na msafara.

Mashine yangu moja ikakwama waya na sikuiona. Nilikuwa namtazama yule mtu mgongoni. Sauti ambayo yeye hakuivumilia kwa muda wa kupepesa jicho, mimi nilikuwa nimeolewa nayo.

Wakati wa kula dada wa Temeke alikaa mbele yangu ili niuone mdomo wake. "Umeona, mwaya? Masikio ya wageni ni mayai. Yetu sie mawe."

Sikula. Niliacha sahani pale, nikaenda ofisini kwa meneja. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye adabu, anayesema "mama" kwa kila mwanamke. Nikamwomba zile hedifoni tuwe tunavaa sisi.

"Zile ni za wageni, mama."

"Wageni wameondoka."

"Watakuja wengine."

"Na sisi?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Nyie mmezoea. Mgeni hajazoea. Mgeni akiingia mle bila kinga anaweza kuumia masikio."

Hilo nililisikia lote, kila herufi. Nimesema, sauti za wanaume nilikuwa bado nazipata.

"Kwa hiyo unajua kwamba inaumiza," nikamwambia.

Nikaona anatafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye kompyuta. "Rudi kazini, mama. Tutaliangalia."

Mume wangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Aliomba ruhusa kazini kwake, tukaenda pamoja hospitali moja ya Kinondoni. Waliniingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, wakanivika vipokea sauti, wakanipa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Mama aliyekuwa ananipima nilimwona kupitia kioo. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilitaka kufaulu, sijui kwa nini, kama mtoto wa shule. Mara yule mama akafungua mlango.

"Usibahatishe, mama," alisema akinishika bega. "Hapo ulipobonyeza sijaweka mlio wowote."

Ulikuwa mlio wangu mwenyewe, yule nyenje.

Daktari aliongea akinitazama usoni, na kwa hilo namwombea baraka. Alisema masikio yangu hayana uchafu wala ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo ambavyo macho hayavioni, ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ikivipiga kila siku, vinalala. Vikilala muda mrefu, vinakufa. "Na vikifa havioti tena," alisema. "Si kama nywele za kichwani."

"Kazini mnavaa nini?" akauliza.

"Pamba."

Aliweka kalamu chini. "Pamba hiyo ya dukani? Kwa kelele ya namna hiyo pamba ni kama hujavaa kitu." Akasema kifaa cha kusaidia kusikia kingenisaidia kidogo, lakini kikubwa ni kulinda kilichobaki. Alirudia, "Kilichobaki tukilinde, mama."

Njia nzima ya kurudi Kimara mume wangu alinishika mkono, na nilikuwa na hasira hata na mkono wake. Nilimfikiria yule msimamizi mzee, na ndipo nikaelewa kitu kilichonitia baridi. Hakuzoea. Hakuna mtu anayezoea. Kelele ilikuwa haimsumbui kwa sababu alikuwa hana tena cha kuisikilizia. Alichoniahidi siku ile kwa upole wake wote, kwamba utazoea, kilikuwa ni uziwi.

Asubuhi yake nilifika kazini, nikapita korido ya ofisi, nikanyoosha mkono, nikatungua hedifoni moja ukutani. Nikaivaa pale pale. Nikaingia ukumbini.

Jambo la kwanza nililosikia lilikuwa pumzi yangu. Kelele bado ipo, lakini imekwenda mbali, kama iko nyumba ya tatu. Watu wanadhani nilifurahi. Nilikasirika kuliko siku zote za maisha yangu. Kumbe ilikuwa rahisi hivi! Miaka yote hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani, tunapita tukiisugua kwa mabega.

Dada wa Temeke aliniona. Hakuuliza kwa nyusi wala kwa vidole. Alitoka, akarudi na njano yake kichwani juu ya kitambaa. Nyuma yake wakatoka wengine, na zile hedifoni zikaisha, na wengi walikuwa bado hawana. Msimamizi alikuwa anakimbia huku na huku akipunga mikono. Halafu meneja akaja. Alisimama mbele yangu akaanza kusema, nikaona mdomo wake unapanda na kushuka. Nikagusa ile hedifoni kumwonyesha kwamba nimevaa. Mdomo ukaongeza kasi.

Dada wa Temeke akaenda kwenye mashine zake, akabonyeza kitufe chekundu. Moja, ya pili, ya tatu. Aliyekuwa jirani yake, ambaye hakupata hedifoni, akazima za kwake. Ikawa inakwenda hivyo kwa safu, mashine moja baada ya nyingine zinapumua na kunyamaza, mpaka yakabaki yale mapipa ya mwisho, nayo yakazunguka polepole, misumari ikamwagika ndani kwa mara ya mwisho, kimya.

Sikuwahi kuusikia ule ukumbi ukiwa kimya mchana. Niliona nyuso za wenzangu kama vile ndio kwanza tunakutana.

"Nani amezima mashine?" meneja aliuliza.

"Mie," dada alisema, akiwa ameshusha hedifoni shingoni.

"Kwa nini?"

"Ili tusikilizane, mwanangu. Si umekuja kuongea? Ongea, tunakusikia. Wale wanaosikia."

Kuna waliocheka. Meneja alikuwa amebadilika rangi ya uso. Akatugeuzia mgongo, na bila kupandisha sauti akamwambia msimamizi aliyekuwa nyuma yake kidogo, "Washa mashine."

Msimamizi alisimama tu, anatutazama sisi.

"Nimesema washa mashine."

Mzee wa watu hakusogea. Alikuwa ametulia, mikono nyuma, uso wa mtu anayesubiri kuagizwa. Mle ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi, na masikio yangu haya, nilikuwa nimeyapata yale maneno mara zote mbili. Meneja akageuka kumkabili. Msimamizi alipoona mdomo wake unacheza akaweka kiganja sikioni, akainama mbele kwa heshima.

"Umesemaje, bosi?"

Hakuna aliyecheka tena. Tulikuwa tumefanya naye kazi siku zote ndani ya kelele, mahali ambapo hakuna anayesikia, na hakuna mwingine aliyekuwa amegundua; hata mimi nilikuwa nimeelewa jana yake tu. Naye alitutazama mmoja mmoja, akaona tunavyomtazama. Nikamwona anasikiliza. Alikuwa anazisikiliza mashine, na akayaona mapipa yamesimama, na nadhani ndipo alipojua kwamba kimya kile kwake hakikuwa na tofauti kubwa na kelele. Kiganja kikashuka polepole kutoka sikioni.

Meneja alimwambia kwa sauti kubwa, uso kwa uso, "Washa mashine!"

"Nimesikia," mzee akajibu. Na hakwenda kuwasha.

Hatukufanya kazi siku ile mpaka mchana. Tulikaa kwenye maboksi ya misumari. Meneja aliahidi, sisi tukasema tumezisikia ahadi, na kesho yake mimi na dada tulikwenda wenyewe kwenye ofisi ya serikali inayohusika na usalama wa wafanyakazi, tukaeleza. Akaja ofisa na kifaa cha kupimia kelele. Alipoingia ukumbini alikuwa amevaa vya kwake masikioni, alikuja navyo mfukoni. Alizunguka, akapima, akatoka, akajifungia na meneja ofisini. Baada ya hapo ndipo hedifoni zikanunuliwa, za kila mtu. Mapipa yakajengewa ukuta wake. Watu wa mashine wakaanza kupokezana, nusu siku kwenye kelele, nusu siku kwenye kupaki misumari maboksini. Yote haya yaliwezekana. Hakuna lililohitaji muujiza.

Siku ya kugawa hedifoni palikuwa na mpiga picha. Meneja alimvika mfanyakazi mmoja wa kike mbele ya kamera, akasema kwamba kampuni inajali afya ya mfanyakazi kwanza. Nilisimama nyuma nikipiga makofi na wenzangu, viganja vyangu vikiwa baridi. Picha ile ipo mpaka leo kwenye korido, imetundikwa palepale zilipokuwa hedifoni za wageni.

Dada wa Temeke hamo kwenye picha. Mkataba wake ulikwisha mwezi mmoja kabla, na hawakumwandikia mwingine. Hawakusema sababu. Wangu haukuwa umekwisha, na ulipokwisha waliniandikia mwingine; nadhani waliona aibu, au waliogopa yule ofisa, sijui. Nilihamishiwa stoo ya kupaki. Yeye anakaanga bagia nyumbani kwao Temeke, na nikienda kumtembelea tunakaa uso kwa uso na kupiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Nilimwambia siku moja kwamba roho yangu inauma kila nikipita kwenye ile picha.

"Iache iume," alinijibu. "Usiiambie izoee."

Msimamizi alistaafu kimyakimya. Siku ya kuaga alikuja stoo, akasimama mbele yangu. Kisha akanipa mkono, akaukamata wangu kwa mikono yake yote miwili. Nilimpa shikamoo. Aliisoma mdomoni mwangu, akaitikia.

Sasa nina kifaa sikio la kulia. Kinanipatia mwanangu nusu nusu. Kwaya sikurudi. Kuna watu wameniambia nishukuru Mungu, kwamba angalau wanaokuja nyuma yangu wamepona. Nashukuru. Lakini nimegundua shukrani na hasira vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Juzi nilipeleka maboksi matupu ukumbini. Kuna kaka mmoja mgeni, amepewa mashine zile zilizokuwa zangu. Hedifoni yake alikuwa ameivaa shingoni kama DJ, masikio wazi, anatingisha kichwa kama vile zile mashine zinapiga singeli. Niliweka maboksi chini. Nikamfuata, nikaikamata ile hedifoni kwa mikono yote miwili, nikampandishia masikioni kwa nguvu, mtu mzima mwenye ndevu zake.

Alishtuka. Akainua kikombe kimoja ili aniambie kitu. Nilimsoma mdomo: "Sista, inabana."

"Acha ibane!" nilimwambia.

Sijui nilisema kwa sauti kiasi gani. Lakini mashine zote zilikuwa zinafanya kazi, kila mtu amefunika masikio, na ukumbi mzima uligeuka kunitazama.